Vihatarishi vya Afya ya Mwili na Akili kwa Watu Wazima

Kihatarishi cha afya ni jambo lolote linaloongeza uwezekano wa mtu kuugua. Vingine havikwepeki, kama vile umri na urithi wa familia. Vingine vimo mikononi mwetu: tumbaku, pombe, chumvi nyingi, unene uliopindukia na kutoushughulisha mwili.

Shinikizo la juu la damu, yaani 140/90 au zaidi, mara nyingi halina dalili. Wengine hulitambua baada ya kupata kiharusi. Kwa hiyo ni muhimu kupima. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isiyofikia gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na mazoezi ya wastani ya dakika 150 kwa juma.

Mwili na akili huathiriana. Upweke, msiba, madeni na ukatili wa nyumbani huweza kuchangia sonona. Naye mwenye sonona huweza kuacha dawa au kukimbilia pombe. Huzuni inayodumu majuma mawili, pamoja na kukosa usingizi na hamu ya maisha, si upungufu wa imani: ni sababu ya kumwona daktari, ambaye Yoshua bin Sira, sura ya 38, aagiza aheshimiwe. Sala humtegemeza mgonjwa, lakini haimwondolei wajibu wa kutafuta tiba.