Mswada wa elimu usizikute shule zimelala

WENYE matatu wa Kangema walilijua somo hili kabla ya walimu wakuu. Marehemu John Michuki, mbunge wa eneo hilo la Murang’a, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi alitangaza mwaka wa 2003 kanuni za mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo. Zilipoanza kutekelezwa Februari 1, 2004, waliojiandaa waliendelea kubeba abiria. Waliodhani ni mzaha walikesha gereji.

Shule za umma bado hujikuta katika hali ya hao wa pili. Huenda ni mazoea. Sheria ya Elimu ya 1968 ilidumu zaidi ya miaka 40, na mwalimu mkuu alitosheka kungojea waraka kutoka wizarani. Kisha ikaja Katiba ya 2010, na baada yake Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Viboko, vilivyokuwa vimeondolewa shuleni tangu 2001, sasa vikawa kosa la jinai lenye faini ya hadi Sh100,000 au kifungo cha hadi miezi sita, au vyote viwili. Masomo ya ziada wakati wa likizo yalipigwa marufuku. Bodi za usimamizi nazo zikaundwa upya, wazazi wakipewa viti.

Mswada hauji usiku kama mwizi. Huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, husomwa bungeni mara ya kwanza, kisha kamati huwaalika wananchi kutoa maoni. Ukigusa elimu ya chekechea, ambayo Katiba imeikabidhi kaunti, hufika Seneti pia. Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurejesha bungeni. Baada ya kuchapishwa kama sheria, huanza kutumika siku ya 14, isipokuwa umetaja tarehe nyingine. Shule inayoamka wakati huo imechelewa. Hata muhula mmoja haitaupata.

Hata hivyo, si kila badiliko hupitia njia hiyo ndefu. Madarasa ya sekondari msingi yalikuwa yamejengwa katika shule za upili, kabla ya serikali kuamua, mwishoni mwa 2022, kwamba Gredi ya 7 ibaki katika shule za msingi. Hilo lilikuwa pendekezo la jopokazi lililoongozwa na Prof Raphael Munavu. Kufikia Januari 2023 mwalimu mkuu wa shule ya msingi alitakiwa kupata darasa, walimu na mahali pa kufundishia sayansi. Hata hivyo, jopokazi hilo lilikuwa limezunguka nchini likikusanya maoni. Aliyefuatilia vikao hivyo alijua suala hilo liko mezani.

Kwa bodi ya shule ya Kangema, kazi yenyewe si kubwa. Mwanachama mmoja, pengine mwalimu mstaafu, apewe jukumu la kulisoma Gazeti Rasmi, ambalo kwa kawaida hutoka Ijumaa na hupatikana bila malipo katika mtandao wa Kenya Law. Akiona mswada wa elimu, aulize maswali matatu: nani atalipa, nani atafundisha, na unaanza lini. Majibu yafikishwe kwa chama cha wazazi kabla ya bajeti ya mwaka kupitishwa. Bodi nayo iandikie kamati ya bunge maoni yake, kurasa mbili zinatosha, ikionyesha idadi ya madarasa na walimu ilio nao. Tangazo la kamati hutaja siku ya mwisho ya kupokea barua hizo.