Kinu Walichokizima Wenyewe

Mwaka 2006 nilikuwa sekondari, na kila aliyekuwa Dar es Salaam mwaka ule anaukumbuka kwa neno moja: mgao. Mvua zilikuwa zimegoma, maji ya bwawa la Mtera yalishuka vibaya, na umeme ukawa unakuja kama mgeni asiyetaka kukaa. Tulizoea kupiga pasi saa nane usiku. Jenereta zilinguruma mtaa mzima, na asiyekuwa na jenereta alinunua mishumaa. Tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini tuliteseka kwenye joto. Hilo sikuwahi kulifikiria mpaka miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za Armenia.

Nikiri mapema kwamba niliingia Armenia kwa mlango wa nyuma. Nilikuwa naandika habari ya umeme, natafuta mfano wa nchi iliyofunga kinu cha nyuklia kwa hiari kisha ikakifungua tena. Nilidhani nitapata aya mbili za kujazia makala. Nilichokipata kimenikaa kichwani hadi leo, na ndicho ninachotaka kukusimulia hapa.

Tuanze na ramani. Armenia ina takribani kilomita za mraba 29,700, yaani ni ndogo kuliko mkoa wetu wa Manyara. Kaskazini iko Georgia, mashariki Azerbaijan, kusini Iran, magharibi Uturuki. Kusini magharibi kuna Nakhichevan, kipande cha Azerbaijan kilichotenganishwa na nchi mama na ardhi ya Armenia yenyewe. Bahari hawana. Mafuta hawana, gesi hawana, makaa ya mawe ya kutegemea hawana. Wana milima, shaba, watu waliosoma, na ziwa moja kubwa, Sevan, lililo kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi. Kwa sababu ya mwinuko huo, majira ya baridi huko si mchezo. Mji wa Gyumri hushuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi.

Sasa, nchi ya namna hii iliishije enzi za Muungano wa Kisovieti? Iliishi vizuri tu, kwa kipimo cha wakati ule. Moscow iliamua Armenia iwe na viwanda vya kemikali, mpira wa kutengenezwa, mashine na vifaa vya elektroniki. Malighafi zilikuja kwa reli kutoka jamhuri nyingine, bidhaa zikaondoka kwa reli. Gesi ilikuja kwa bomba. Na kwa kuwa nchi haikuwa na nishati yake ya kutosha, kilijengwa kinu cha nyuklia huko Metsamor, kilomita 30 na ushee kutoka mji mkuu, Yerevan. Mtambo wa kwanza ulianza kazi 1976, wa pili 1980. Kwa pamoja ilizalisha zaidi ya megawati 800.

Katika mfumo ule mipaka kati ya jamhuri na jamhuri ilikuwa wino tu kwenye karatasi. Mhandisi wa reli hakuwa na sababu ya kuijali. Alifuata bonde, kwa sababu kutoboa mlima ni gharama. Kwa hiyo reli ya kutoka Yerevan kwenda Kapan, mji wa kusini mwa Armenia hiyohiyo, ilipita Nakhichevan, ikagusa kidogo ardhi ya Armenia pale Meghri, ikaingia Azerbaijan, halafu ndipo ikarudi Armenia. Ukitaka kwenda kwa treni kutoka chumba kimoja cha nyumba yako kwenda kingine, unapitia kwa jirani. Nani angejali? Wote walikuwa chini ya paa moja.

Halafu paa likaanza kuvuja.

Aprili 1986 kinu cha Chernobyl kililipuka. Mwaka uliofuata, Oktoba 1987, watu wa Yerevan waliingia mtaani kupinga uchafuzi: moshi wa kiwanda cha kemikali cha Nairit, na kinu cha Metsamor. Tuzingatie jambo hilo. Katika nchi ambayo maandamano hayakuwa jambo la kawaida, moja ya mambo ya kwanza watu waliyothubutu kuyasema kwa sauti ni kwamba wanaogopa kinu kilichoko mlangoni pao. Miezi michache baadaye, 1988, viwanja vilevile vilijaa watu kwa sababu nyingine, suala la Nagorno-Karabakh, eneo lenye Waarmenia wengi lililokuwa ndani ya Azerbaijan.

Desemba 7, 1988, ardhi ikatetemeka. Mji wa Spitak ulibomoka karibu wote, na mji mkubwa wa Leninakan, ambao leo unaitwa Gyumri, uliharibiwa vibaya. Watu wapatao 25,000 walikufa. Metsamor, iliyo umbali wa kilomita 75 hivi kutoka kitovu cha tetemeko, haikuharibika. Lakini ni nani angemwambia mtu aliyetoka kuzika familia yake kwamba atulie, safari hii kinu kimesalimika? Mapema mwaka 1989 mitambo yote miwili ilizimwa. Nairit nayo ilifungwa mwaka huohuo.

Nimejaribu mara nyingi kuwalaumu kwa uamuzi huo, nimeshindwa. Ulikuwa uamuzi wa watu wenye akili timamu. Isitoshe, mwaka 1989 gesi bado ilikuja na nyaya za jirani bado zilikuwepo. Walizima kinu wakiwa raia wa dola kubwa. Hawakujua kwamba ndani ya miaka mitatu dola hiyo haitakuwepo, na wao watabaki na kilichoko ndani ya mipaka yao tu.

Septemba 21, 1991, wananchi walipiga kura ya uhuru, na wengi mno walisema ndiyo. Na hapo ndipo ule wino kwenye karatasi ulipogeuka ukuta.

Treni na gesi za kupitia Azerbaijan, njia iliyokuwa ikileta sehemu kubwa kabisa ya mizigo ya Armenia, zilikatika kwa sababu ya vita ya Karabakh. Agosti 1992 vita ikazuka Abkhazia, ndani ya Georgia, na reli ya kwenda Urusi kupitia pwani ya Bahari Nyeusi ikafa. Aprili 1993 majeshi ya Waarmenia yaliteka Kelbajar, wilaya ya Azerbaijan iliyo nje ya Karabakh yenyewe, na Uturuki ikafunga mpaka wake. Ni lazima hili lisemwe wazi, maana mara nyingi linarukwa: mpaka haukufungwa bila sababu. Upande wa pili nao kulikuwa na mamia ya maelfu ya Waazerbaijani waliofukuzwa makwao, waliokuwa wakilala kwenye mahema na mabehewa. Baridi haikuchagua kabila.

Ikabaki Iran, yenye mpaka mfupi na barabara ya milimani, na Georgia, ambayo yenyewe ilikuwa inaungua. Bomba la gesi lililopita Georgia lililipuliwa mara kwa mara. Linatengenezwa, gesi inarudi siku kadhaa, linalipuliwa tena.

Kipindi hicho, kati ya 1992 na 1995, Waarmenia wanakiita miaka ya giza na baridi. Umeme ulikuwa saa moja au mbili kwa siku, siku nyingine hakuna kabisa. Maghorofa ya Kisovieti yalipashwa joto kutoka mitambo ya pamoja. Mitambo iliposimama, jengo zima liliganda. Watu wakanunua majiko madogo ya bati na kupitisha bomba la moshi dirishani. Wakachoma kuni. Kuni zilipokwisha, wakachoma samani, sakafu za mbao, vitabu. Miti ya bustani za Yerevan ilikatwa usiku. Mkate ulipatikana kwa kuponi. Wenye ujanja walivuta nyaya kwa siri kutoka majengo yaliyokuwa hayakatiwi umeme, kama hospitali. Sisi tungewaita vishoka. Viwanda vilivyotegemea malighafi za mbali vikanyamaza, na ndani ya miaka michache uchumi ukapoteza zaidi ya nusu ya ukubwa wake. Mamia ya maelfu ya watu waliondoka nchini, wengi kwenda Urusi.

Lakini kitu kilichoniuma zaidi ni ziwa. Tangu miaka ya 1930 wapangaji wa Kisovieti walikuwa wakichota maji ya Sevan kwa ajili ya umeme na umwagiliaji, mpaka kina kikashuka kwa mita karibu 20. Baadaye walishtuka. Wakachimba njia ya chini ya ardhi yenye urefu wa kilomita 48 ili kuleta maji ya mto Arpa ziwani, ikakamilika 1981, na ziwa likaanza kupumua. Ikaja ile miaka ya giza. Nchi haina gesi, haina nyuklia, inacho kitu kimoja tu kinachoweza kugeuza mashine: maji ya Sevan yanayoshuka mlimani. Wakayafungulia. Kila saa ya taa jijini ililipwa kwa maji ya ziwa ambalo kizazi kizima kilikuwa kimehangaika kuliokoa. Watu waliofunga kinu ili kulinda mazingira sasa walikuwa wanakausha ziwa na kukata misitu. Hawakuwa wanafiki. Watoto walikuwa wanasikia baridi.

Mwaka 1993 serikali iliamua kukiwasha tena kinu. Serikali yenyewe, chini ya Rais Levon Ter-Petrosyan, ilitokana na vuguvugu lililozaliwa katika viwanja vile vya mwaka 1988. Kazi ilichukua muda mrefu, na mwishoni mwa 1995 mtambo wa pili ukawaka. Wa kwanza haukuwashwa tena. Na kwa kuwa njia za ardhini hazikuaminika, mafuta ya nyuklia yaliletwa kwa ndege. Soma tena sentensi hiyo. Nchi inaogopa tetemeko, mpaka umefungwa, na chakula cha kinu kinapita angani juu ya vichwa vya watu, kwa sababu hakuna barabara.

Taa zikarudi. Sijasoma popote kwamba watu waliacha kuogopa. Ardhi ni ileile, tetemeko linaweza kurudi. Walilinganisha tu hofu mbili, ya jambo linaloweza kutokea na ya jambo linalotokea kila usiku.

Naona baadhi ya wasomaji wanajiuliza haya yanatuhusu nini. Waulizeni wazee. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, tulikuwa na reli moja, shirika moja la ndege, posta moja. Vyote viligawanywa, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa mpaka 1983. Familia za Namanga na Taveta zilijua maana ya jirani kuwa ukuta. Kilichotuokoa ni kwamba kila mmoja alikuwa na bandari yake. Warundi, waliowekewa vikwazo na majirani mwaka 1996 wakiwa hawana bahari, wangeielewa Armenia upesi kuliko sisi.

Nilipoanza kusoma nilidhani swali ni kama nyuklia ni nzuri au mbaya. Siku hizi nauliza swali jingine: nchi inapopata uhuru, inarithi nini hasa? Bendera inashonwa kwa siku moja. Sarafu ya Armenia, dram, ilitoka Novemba 1993. Lakini reli, mabomba na nyaya ni mawazo ya mtu mwingine yaliyomwagiwa zege, na hayabadiliki kwa kura. Reli zetu nazo zilichorwa na Wajerumani na Waingereza kwenda bandarini, na mpaka leo bado tunabishana nazo.

Armenia imefanya mengi tangu hapo. Bomba la gesi kutoka Iran lilizinduliwa 2007. Reli ilikabidhiwa kampuni ya Urusi iiendeshe mwaka 2008. Vita ya 2020 na matukio ya 2023 yaliimaliza Karabakh ya Waarmenia, na zaidi ya watu 100,000 wakakimbilia Armenia. Agosti 2025 viongozi wa Armenia na Azerbaijan walikutana Washington, na moja ya mambo waliyokubaliana ni kufungua njia ipitayo kusini mwa Armenia kuelekea Nakhichevan. Ukiangalia ramani utalitambua bonde lenyewe. Ni lile la Meghri, ambako treni ya zamani ilipita bila mtu kuulizwa pasipoti.

Na Metsamor? Bado inafanya kazi. Muda wake wa kuishi umeongezwa zaidi ya mara moja, na mazungumzo ya kujenga kinu kipya yamekuwa yakiendelea kwa miaka. Umoja wa Ulaya kwa muda mrefu umetaka kifungwe. Nawaelewa. Ila kila nikiona mtu wa mbali akiandika kwamba Waarmenia wanacheza na moto, nakumbuka zile sakafu za mbao zilizong'olewa zikaingizwa jikoni, na nashindwa kumuunga mkono kirahisi.

Wiki iliyopita umeme ulikatika kwetu kwa saa tatu. Mwanangu wa miaka sita aliuliza nani ameuzima. Nikaanza kumjibu, nikaona jibu litakuwa refu, nikaenda kutafuta mshumaa.