Freni za diski: namna zilivyoanza kwenye gari za mashindano

Dereva wa lori anaposhuka mlima na mzigo mzito, watu na vyombo vikiwa juu, maisha ya wote yanategemea kitu kimoja: freni, ambazo majirani wetu wa Kenya na Tanzania wanaziita breki. Freni za diski ambazo leo ziko mbele ya taxi na gari ndogo nyingi zina historia ndefu. Zilipata sifa kwenye gari za mashindano huko Ulaya.

Mwanzo wake ni Uingereza. Mwaka wa 1902, fundi Frederick Lanchester, wa mji wa Birmingham, aliandikisha haki ya freni ya diski. Lakini vyuma vya wakati ule havikufaa kwa kazi hiyo, na wazo lake likawekwa kando. Kwa miaka mingi gari zilitumia freni za ngoma. Ndani ya ngoma mna vipande viwili vinavyotanuka na kusugua ukuta wake. Shida ni moto. Ngoma ikipata moto sana inapanuka na kuviacha vile vipande nyuma, na vipande vyenyewe vinaanza kuteleza. Dereva anakanyaga mpaka chini lakini gari haipunguzi mbio.

Kwenye mashindano ya Le Mans, Ufaransa, shida hiyo ilionekana wazi. Gari hukimbia saa 24 mfululizo, na wakati ule kila mzunguko ulikuwa na barabara iliyonyooka ya karibu kilometa 6, kisha kona kali. Kila mara dereva alipaswa kuipunguza gari kutoka zaidi ya kilometa 200 kwa saa.

Kampuni ya Jaguar na kampuni ya Dunlop ziliamua kurudia wazo la diski. Diski iko wazi, upepo unaipooza. Plaketi mbili zinaibana kutoka pande zote mbili, na hata ikipanuka kwa moto haiwezi kuzikimbia. Kazi haikuwa rahisi. Katika majaribio, mafuta ya freni yalichemka. Mara nyingine diski iliyotikisika ilirudisha plaketi nyuma, na dereva akalazimika kukanyaga mara mbili au tatu kabla freni hazijashika.

Mwezi wa 6 mwaka wa 1952, Stirling Moss alishinda huko Reims, Ufaransa, na Jaguar C-Type yenye diski. Mwaka uliofuata, Tony Rolt na Duncan Hamilton walishinda Le Mans wakiwa na mbio za wastani wa kilometa 170 kwa saa. Wenye freni za ngoma walipaswa kuanza kupunguza mbio mapema. Wenye diski walingoja mpaka karibu na kona.

Lakini historia hii ina ukurasa wa machozi. Tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka wa 1955, palepale Le Mans, Mike Hawthorn alifunga freni za Jaguar yake ili aingie mahali pa kuweka mafuta. Lance Macklin aliyemfuata alikwepa kushoto. Mercedes ya Pierre Levegh iliyokuja kwa mbio ikaigonga gari ya Macklin kwa nyuma, ikaruka, na vipande vyake vikaangukia watu waliokuwa wakitazama. Zaidi ya watu 80 walikufa, pamoja na Levegh. Uchunguzi haukumtia hatia dereva yeyote; ulionyesha kwamba barabara ile haikufaa tena kwa gari za mbio namna ile. Gari zilikuwa zimebadilika, barabara haikubadilika.

Mwaka huohuo Citroën DS ilitoka Ufaransa na diski mbele, na mwaka wa 1957 Jaguar XK150 ikatoka na diski kwenye magurudumu yote manne. Jaguar E-Type ya mwaka wa 1961 ilifuata.

Leo, wanaotengeneza upya E-Type za zamani wanakuta ugonjwa uleule. Mafuta ya freni hunyonya maji kutoka hewani. Maji yanaleta kutu, na pistoni zinakwama. Mipira ya kupitisha mafuta inaziba kwa ndani hata ikiwa kwa nje inaonekana mizima. Wengine wanaweka pistoni nne na diski zenye nafasi ya kupitisha upepo katikati. Lakini fundi mzuri anaanza na kazi ndogo: kusafisha, kupima unene wa diski, kubadilisha mipira na kumwaga mafuta yote ya zamani. Hapulizi vumbi la freni za zamani, kwa maana plaketi nyingi za wakati ule zilikuwa na asbesto, ambayo inaharibu mapafu.

Kwa mwenye taxi au lori, somo ni lilelile. Mafuta yaliyoingia maji yanachemka mapema kwenye mteremko, na kinyagio kinakuwa laini kama sponji. Plaketi inayolia chuma kwa chuma imeisha. Mwenye kusafirisha jamaa na vyombo vyao ajaribu freni zake akiwa bado juu ya mlima.