Ngano ya Myunani na Wali wa Ifakara

Chakula cha Wayunani tangu kale kilisimama juu ya nguzo tatu: ngano, divai na mafuta ya zeituni. Mbili katika nguzo hizo zilifika pwani yetu zamani sana. Katika karne ya 1 baada ya Kristo, mfanyi biashara mmoja wa Misri, asiyejulikana jina, aliandika kwa Kiyunani kitabu kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea. Kitabu hicho chamwongoza msafiri bandari kwa bandari, kikitaja kiuzwacho na kinunuliwacho, hata Rhapta, soko la mwisho la Azania.

Asema kuwa mikuki, mashoka na vioo vililetwa kuuzwa, na pembe za ndovu zikachukuliwa. Walakini divai kidogo na ngano nyingi hazikuletwa kwa biashara. Zililetwa kutafutia urafiki wa wenyeji. Neno hili lastahili kufikiriwa. Mgeni aliyeutia mkuki bei alitambua kuwa urafiki hauuzwi, huandaliwa.

Rhapta ilikuwa wapi? Wako wataalamu, miongoni mwao Felix Chami, walioitafuta katika delta ya Rufiji, mto uzaliwao na Kilombero na Luwegu. Mwandishi wetu hakuupanda mto huo, wala hakueleza watu wa bara walikula nini. Kimya chake kisidhaniwe kuwa ni utupu.

Kitabu hicho hicho chataja mchele, pamoja na asali ya mwanzi iitwayo sakkhari, neno lililo ndugu wa sukari yetu. Vyote viwili vilikuwa shehena ya Bara Hindi iliyopelekwa bandari za Pembe ya Afrika. Leo mazao hayo ya ugenini ndiyo sifa ya bonde la Kilombero: kiwanda chake cha sukari kilianza kazi katika miaka ya 1960, na mpunga hustawi Ifakara katika mbuga zinazofurikiwa na mto wakati wa masika.

Basi atakaye safari ya chakula na aanzie Rufiji, apande hata Ifakara, aketi mkekani pamoja na Wandamba, wavuvi na wakulima wa mpunga, ale wali kwa kambale. Historia ya pwani iliandikwa kwanza kwa kalamu ya mgeni. Historia ya bonde ingali chunguni, katika majina ya mbegu na vinywa vya wazee. Mwanafunzi asiyeiandika sasa atawaachia wajukuu wake kimya kile kile alichokiacha Myunani.