Presha ya Macho: Kufungua Njia Mpya au Kuzibua ya Zamani

Kila daktari anayepasua jicho lenye glakoma, ambayo wengi tunaiita presha ya macho, ana shabaha moja: kushusha shinikizo la maji ya ndani ya jicho kabla halijaua mshipa wa fahamu wa kuonea. Wanapoachana ni kwenye njia ya kuyatoa maji hayo.

Mkondo wa kwanza hufungua njia mpya. Mwaka 1968 John Cairns wa Cambridge alieleza upasuaji wa trabekulektomi. Daktari hukata kifuniko kidogo katika ukuta mweupe wa jicho, hutoboa tundu chini yake, kisha hukishona bila kukikaza sana. Maji huvuja polepole na kufanya lengelenge lililojificha chini ya kope la juu. Shinikizo hushuka sana, mara nyingine kupita kiasi. Kovu nalo laweza kuziba tundu, hasa kwa watu wenye asili ya Afrika.

Mkondo wa pili huzibua njia ya asili. Daktari huweka lenzi maalumu juu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, ili aione pembe ya ndani ya jicho iliko njia hiyo, kisha kupitia mkato mdogo mno hupachika iStent, kijibomba cha titani chenye urefu wa milimita 1 hivi. Marekani ilikiidhinisha mwaka 2012, kiwekwe wakati wa kuondoa mtoto wa jicho. Jicho hupona upesi, ila shinikizo hushuka kwa kiasi tu. Tena udogo wa kifaa si dhamana ya usalama: kifaa kingine, CyPass, kiliondolewa sokoni mwaka 2018 baada ya kuonekana kinapunguza seli za konea.

Kwangu mimi, hatua ya ugonjwa ndiyo iamue. Aliyegundulika mapema atafaidi mkato mdogo. Aliyebakiwa na uoni finyu wa katikati bado anahitaji trabekulektomi. Kwetu wengi hufika hospitali wamechelewa, kwa kuwa glakoma ya kawaida haiumi. Kwa hiyo tuanze na upimaji, na tiba ya leza ya kushusha shinikizo, isiyohitaji kisu. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa baada ya mwaka 1 leza ilifaulu kwa asilimia 61 ya macho, na matone ya dawa ya timolol kwa asilimia 31. Fedha za umma zielekezwe huko kwanza. Vijibomba vya titani vifuate.