Upepo wa Machipuko na Jembe la Mwanadamu

Mataifa yenye majira manne husifu sana machipuko. Ni wakati theluji inapoyeyuka, miti inapovaa majani mapya na ndege wanaporudi kutoka safari zao za mbali. Sisi tuliosomeshwa kwa vitabu vya Kiingereza tulizikariri sifa hizo bila ya kuwahi kuigusa theluji yenyewe. Lakini iko sehemu moja ya dunia ambako machipuko huja na furaha mkono mmoja na hofu mkono wa pili. Sehemu hiyo ni Tambarare Kuu za Marekani, hasa upande wa kusini, pale yanapokaribiana majimbo ya Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico na Colorado. Katika insha hii nataka kusimulia yaliyotukia huko katika miaka ya 1930, kwa sababu habari zake zilifika hadi katika milima yetu, na somo lake, nionavyo mimi, hatujalimaliza.

Tuanze na hali ya hewa yenyewe. Machi na Aprili ndiyo miezi yenye upepo mkali kuliko yote katika tambarare hizo. Sababu yake si ngumu kuieleza. Wakati huo baridi ya kaskazini bado haijaondoka, na hewa ya joto ya kusini imekwisha anza kupanda. Zikikutana hewa hizo mbili, tofauti ya joto lao huzaa upepo, na hakuna mlima wala msitu wa kuuzuia. Mvua nazo ni haba. Kwa wastani hazifiki milimita 500 kwa mwaka, na nyingi hungoja mpaka Mei na kuendelea. Hivyo kuna majuma kadhaa ambapo udongo ni mkavu, mimea haijaamka, na upepo umefika kileleni. Wakazi wa Dodoma na Singida hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Nao wana miezi yao, Agosti hadi Oktoba, ambapo vumbi huingia chunguni hata kama mfuniko upo.

Upepo huo haukuanza juzi. Ulivuma huko kwa maelfu ya miaka, na ukame ulikuja na kuondoka, lakini nchi haikung'olewa. Ilikuwa imevaa nyasi fupi zenye mizizi mingi iliyosukana chini kama mkeka. Nyati walizilisha, na wenyeji kama Wacomanche na Wakiowa waliwawinda nyati. Katika miaka ya 1870 nyati hao waliuawa kwa bunduki, mamilioni kwa mamilioni, na wenyeji wakasukumwa katika maeneo waliyotengewa. Kisha wakaja walowezi. Sheria ya mwaka 1862 ilimpa kila mlowezi ekari 160, na ile ya mwaka 1909 ikaongeza kufikia ekari 320 katika sehemu kame. Wauzaji wa ardhi waliwaaminisha watu kwamba mvua hulifuata jembe, yaani ukilima, mawingu yatakuja. Waliosadiki hawakuwa wajinga. Walikuwa watu maskini waliotaka shamba.

Vita Kuu ya Kwanza ilipandisha bei ya ngano, na baadaye trekta zikaja kwa wingi. Mamilioni ya ekari za nyasi yakapinduliwa katika miaka michache. Mwaka 1931 mavuno yalikuwa makubwa mno, na kwa sababu hiyo hiyo, pamoja na mdororo wa uchumi wa dunia, bei ikaanguka hadi mkulima asiweze kurudisha gharama zake. Wengi walilima zaidi ili kufidia hasara. Wengine waliacha mashamba wakaenda zao, na ardhi ikabaki uchi. Mvua nazo zikakatika. Ngano iliyopandwa haikuota, au iliota ikafa, na machipuko yalipofika upepo ulikuta meza imeandaliwa.

Mwezi wa Mei 1934 dhoruba moja ilichukua udongo wa tambarare ikaumwaga juu ya miji ya Chicago na New York, na mabaharia katika Atlantiki wakakuta vumbi la mashamba juu ya meli zao. Mwaka uliofuata, Jumapili ya tarehe 14 Aprili 1935, asubuhi ilipambazuka tulivu na angavu. Watu walitoka kwenda kanisani na kutembeleana. Alasiri ukaja ukuta mweusi kutoka kaskazini, na mchana ukageuka usiku. Aliyenyoosha mkono mbele ya uso wake hakuuona. Mwandishi wa habari Robert Geiger, aliyekuwa katika eneo hilo, alituma taarifa yenye maneno mawili yaliyobaki kuwa jina la msiba wote: Bakuli la Vumbi. Akina mama walitundika shuka zilizolowa maji madirishani, na bado watoto waliugua mapafu kwa vumbi, wengine wakafa. Kufikia mwaka 1940 watu wapatao milioni 2.5 walikuwa wameyahama majimbo ya tambarare.

Joto nalo halikuwa na huruma. Julai 1936 kipimajoto katika jimbo la Kansas kilifika nyuzi 121 za Farenhaiti, ambazo ni zaidi ya nyuzi 49 za Selsiasi, na rekodi hiyo ya jimbo bado imesimama. Kwa miaka 85 kiangazi cha 1936 kiliongoza kwa joto katika majimbo yote 48 yaliyopakana, mpaka kile cha 2021 kilipokifikia na kukipita kwa kiasi cha unywele. Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa miaka ya 1930 ilikuwa na joto kiasi hicho, kwa nini watu wa leo wanaulalamikia ulimwengu kuzidi kupata joto? Ni swali la haki, nami niliwahi kuulizwa mara nyingi darasani. Jibu ni kwamba joto lile lilikuwa la mahali na la miaka michache. Wataalamu wameonyesha kwamba maji ya Pasifiki yalikuwa baridi kidogo kuliko kawaida na ya Atlantiki yalikuwa na joto kidogo zaidi, na badiliko hilo dogo lilipotosha njia za mvua. Kisha ardhi iliyovuliwa nguo iliongeza makali. Udongo wenye unyevu na majani hupoza hewa kwa mvuke wake, lakini udongo mtupu huoka kama kigae. Joto la siku hizi ni la dunia nzima, na linapanda bila kurudi. Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa.

Kwa hiyo tusiseme kwamba jembe peke yake ndilo lililoleta ukame, wala tusiseme kwamba ni upepo peke yake. Maumbile yalianza, mkono wa mwanadamu ukazidisha. Huu ndio ukweli ulioeleweka mapema na mtu mmoja, Hugh Bennett, mtaalamu wa udongo kutoka North Carolina, aliyehubiri kwa miaka mingi kwamba taifa linapoteza ardhi yake. Machipuko ya mwaka 1935, vumbi la tambarare lilipofika hadi mji mkuu wa Washington, wabunge walimsikiliza. Tarehe 27 Aprili, siku kumi na tatu baada ya Jumapili ile nyeusi, sheria ya hifadhi ya udongo ilitiwa saini.

La kuangalia hapa ni namna kazi ilivyofanywa. Wakulima walionyeshwa kulima kwa kufuata kontua, kuacha mabua shambani na kurudisha nyasi mahali pasipofaa kwa ngano. Walilipwa kwa kazi hiyo. Kuanzia mwaka 1937 waliunda wilaya zao za hifadhi, ambazo wao wenyewe walipigia kura. Kati ya mwaka 1934 na 1942 miti zaidi ya milioni 200 ilipandwa kwa safu, kutoka Dakota hadi Texas, ili kuvunja upepo. Si kila mti uliishi, wala si kila mkulima alikubali. Hata hivyo mvua ziliporudi mwishoni mwa miaka hiyo, zilikuta watu waliokwisha jifunza jambo.

Habari za vumbi hilo zilivuka bahari. Maofisa wa serikali ya kikoloni katika Kenya na Tanganyika walisoma juu yake, wakatazama vilima vyetu vilivyolimwa, wakaingiwa na hofu. Mwaka 1937 mshauri wa kilimo wa Wizara ya Makoloni, Sir Frank Stockdale, alizuru Afrika Mashariki, na mmomonyoko wa udongo ukawa jambo kubwa katika taarifa zake. Hofu yenyewe haikuwa ya bure, kwani mmomonyoko ulikuwapo. Lakini dawa iliyoletwa ilikuja bila ya kura na bila ya malipo. Ilikuja na faini.

Mwaka 1947 wanawake wa Murang'a nchini Kenya waligoma kuchimba matuta ya kulazimishwa. Katika milima ya Uluguru, mpango ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1940 uliwataka watu wachonge miteremko kuwa matuta ya ngazi. Waluguru walijua jambo ambalo maofisa hawakulipima: udongo wao mzuri ni tabaka jembamba. Ngazi ikichongwa, udongo wenye rutuba hufukiwa na ule hafifu wa chini hupanda juu, na mahindi hudumaa. Walisema, hawakusikilizwa. Julai 1955 zikatokea ghasia huko Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akapoteza maisha, na mpango ukaachwa. Jambo la kusikitisha ni kwamba baada ya hapo neno hifadhi lenyewe lilinuka puani mwa watu. Ukitaja matuta, mzee alikumbuka faini.

Na ilhali hayo yakitendeka, kule Mbinga Wamatengo walikuwa wakilima miteremko mikali kwa ngoro zao, ufundi wa tangu zama za mababu. Hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatana, kisha huchimba udongo wa katikati na kuzifunika, hata shamba lote likawa vishimo vilivyozungukwa na kuta ndogo. Maji hunaswa vishimoni, nyasi huoza kuwa mbolea. Hakuna aliyewatoza faini ili wafanye hivyo.

Nayaandika haya kwa sababu upepo haujastaafu kama mimi. Tarehe 14 Machi 2025 vumbi lilifunika barabara kuu magharibi mwa Kansas, magari yakagongana, na watu wanane wakafa. Miezi miwili baadaye mji wa Chicago ulipewa onyo la dhoruba ya vumbi kutoka mashambani. Kwetu nako mabwana shamba wanakwenda tena vijijini, safari hii na neno mabadiliko ya tabianchi, na mengi wanayoyasema ni kweli. Nawaomba wakumbuke kwamba elimu ile ile ilipandwa Oklahoma ikaota, ikapandwa Uluguru ikafa, na tofauti ilikuwa katika namna ya kuipanda. Mwenye shamba aulizwe kwanza anaujuaje udongo wake na babu zake waliutunzaje. Na mwenye shamba naye asingoje kuulizwa: mabua ya msimu huu ayaache shambani badala ya kuyachoma, na mpaka wa upande unakotoka upepo aupande miti mvua zitakapoanza. Ardhi iliyofunikwa upepo huipita juu.