Nishani za amani: fedha iliyovaliwa na machifu

Nishani aliyopewa Sagoyewatha huko Philadelphia mwaka 1792 ina umbo la yai, na ukubwa wake unazidi kiganja cha mtu mzima. Ni bamba la fedha lililonakshiwa kwa mkono. Upande mmoja yupo George Washington na chifu mwenye kiko cha amani. Shoka limetupwa chini, na nyuma yao mtu analima kwa ng'ombe. Upande wa pili yupo tai wa Marekani.

Wazungu walimwita Sagoyewatha Red Jacket kwa sababu ya koti jekundu alilopewa na Waingereza. Alikuwa msemaji mashuhuri wa Waseneca, kabila la wenyeji wa asili waliopigana upande wa Uingereza katika vita vya uhuru wa Marekani. Wafalme wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwavisha machifu nishani zao, na aliyevaa alijulikana yuko upande wa nani. Taifa changa likaifuata desturi hiyo.

Wakati wa Rais Thomas Jefferson kazi ya kuzitengeneza ikahamia kwenye mitambo ya kiwanda cha sarafu. Mbele sura ya rais na mwaka 1801; nyuma mikono miwili iliyoshikana, shoka na kiko vimepishana, na maneno ya amani na urafiki. Ile kubwa kabisa, yenye upana wa sentimita 10 hivi, ni mabamba mawili membamba yaliyofungwa kwa ukingo wa fedha, ndani mna uwazi. Wavumbuzi Lewis na Clark, waliotumwa na Jefferson, walibeba nishani kama hizo kuelekea magharibi mwaka 1804, wakiwataka machifu waachane na zile za wafalme.

Julai 1806 Lewis na wenzake walipambana na vijana wa kabila la Blackfeet, na wawili kati ya vijana hao wakauawa. Lewis akaacha nishani shingoni mwa maiti mmoja, ili watakaomkuta wajue waliofanya hivyo ni akina nani. Katika historia nzima ya nishani za amani, sijui tukio linaloniuma kuliko hilo.

Wanaozikusanya leo hupenda kuwa na mfululizo kamili wa marais, na hapo yataka uangalifu. John Adams hakutoa nishani ya aina hii alipokuwa madarakani. Yenye sura yake ilichongwa miaka mingi baadaye kuziba pengo. Kiwanda pia kiliuza nakala za shaba, safi na zinazong'aa. Mimi nitaichagua ile iliyochakaa, yenye tundu la kamba lililolika na sura ya rais iliyofifia kwa kusuguana na nguo. Hiyo ilivaliwa na mtu.

Nishani ya Sagoyewatha ilimfikia Ely Parker, Mseneca aliyekuwa katibu wa Jenerali Grant na aliyenakili masharti ya jeshi la Kusini kusalimu amri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1865. Baada ya Parker kufariki mwaka 1895, iliingia katika hazina ya chama cha historia cha Buffalo. Waseneca waliidai kwa sheria ya mwaka 1990 ya kurudisha mali za wenyeji wa asili, wakakabidhiwa Mei 2021.

Sheria hiyo inazibana idara za serikali kuu na makumbusho yanayopokea fedha zake. Kabati la mtu binafsi hailigusi, na nishani zilizomo humo zinaendelea kupita mnadani, kutoka mkono hadi mkono.